Mwenye Hodi

Jina lake silitaji. Nasema mapema ili usisome hadi mwisho ukitarajia kulikuta, kisha ukanilaumu. Si kwamba nimelisahau. Kwa miaka kadhaa nililiandika kila siku ya Mungu, jua likiwa utosini, wala sikujua kwamba ni jina la mtu. Hotelini sote tulimwita Mhasibu, na mie nitamwita hivyo hivyo.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya Mtaliano mmoja, nje kidogo ya mji wa Malindi. Ilikuwa miaka ya themanini, wakati Malindi ilipokuwa ikijaa wageni kuanzia Desemba na kubaki tupu masika. Mie nilikaa kaunta ya mapokezi, binti wa Shela, mji wa kale, mwenye ulimi mrefu kuliko mshahara. Mhasibu alikuwa mtu wa Jilore, Mgiriama, mrefu na mkavu, mwenye tai ya kahawia aliyoivaa kila siku na makubazi aliyoyavaa kila siku. Nilipomwambia kwamba tai na makubazi haviendi pamoja, alinijibu kwamba tai ni ya Mtaliano na miguu ni yake.

Chumba cha kompyuta hapo zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi kilikitia baridi ya kuuma mifupa. Ndani hamkukaa mtu. Kulikuwa na mashine tu na kiti; sisi wa kaunta tulikuwa na kioo na kibodi vilivyounganishwa nayo kwa waya. Lakini Mhasibu hakuingia humo hata siku moja bila kubisha. Alisimama mlangoni, akasema, "Hodi," kwa sauti ya mtu aliyefika kwa wakwe, akainamisha kichwa kidogo, akasubiri. Kisha akaingia.

"Mhasibu, wamekujibu?" nilikuwa nikimtania.

"Bado," alikuwa akisema.

Hakusema "hakuna mtu." Alisema "bado," na mie nilicheka, lakini nilijikuta nikikaa karibu na mlango wa mbele. Siku moja nilimwuliza kwa dhati kwa nini anabisha hodi chumba kitupu. Akasema kwamba kusubiri kidogo mlangoni ndiko kunakoonyesha kwamba unajua si kwako.

Alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili alisoma neno kwa sauti iliyowafanya hata watoto watulie. Lakini hakunywa chai kabla ya kumwaga tone moja sakafuni. Alidai kwamba anapoza kikombe. Kikombe kingine alichokipoza kwa namna hiyo kilikuwa cha chai iliyokwisha kupoa tangu asubuhi, na nilipomwonyesha hilo alinitazama tu. Alikuwa bahili wa maneno, mkarimu wa njugu. Mfuko wake wa koti haukukosa karatasi ya njugu za kukaanga, na aliyepita alipewa. Simu aliiogopa. Ilipolia ofisini kwake aliita mtu aje aipokee, kwa sababu, alisema, sauti isiyo na mwili haina adabu. Kompyuta hakuiogopa hata kidogo.

"Hii haina akili, binti, na wala haina roho," aliniambia. "Ina masikio tu. Ukiiita sawasawa, inakuja. Hata ukiwa mwovu, inakuja."

Kwao, babu yake alikuwa mganga wa pepo. Mhasibu hakupenda kulizungumza jambo hilo mbele ya wenzake wa kanisa, lakini masika, hoteli ikiwa imefungwa na sisi wachache tumebaki kulinda viti, alizungumza. Alisema kwao wimbo wa kumwita pepo una mwenyewe. Si mali ya kila anayeusikia. Mganga mwingine akiutaka, huenda kwa mwenye wimbo na kadzama, yaani kibuyu cha tembo la mnazi, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili na kuomba. Mwenye wimbo hawezi kumnyima aliyeomba. Hunywa, akampa aliyeomba naye anywe, na tangu hapo wimbo ni wao wote wawili.

"Na asiyeomba?" nikauliza.

"Pepo atakuja. Kuja, atakuja. Lakini hatamjua aliyemwita, na hatajua arudi kwa nani."

Mvua ilikuwa ikipiga makuti. Nikamwambia hebu tuzungumze mengine.

Sasa nieleze habari ya mashine, kwa sababu bila hiyo huwezi kumwelewa. Mtaliano aliinunua Nairobi, pamoja na programu ya hoteli iliyotungwa na kampuni moja ya huko huko. Programu hiyo ilitumia maneno ya Kiswahili, na kampuni ilijivunia sana jambo hilo. Yalikuwa maneno manne tu. FUNGUA, kumpa mgeni chumba. HAMISHA, kumpeleka chumba kingine. DAI, kumtolea hesabu yake. FUNGA, kuifunga siku, kazi iliyofanywa mchana kamili wageni wa kuondoka wakishaondoka. Siku isipofungwa, mashine ilikataa kuifungua ya pili yake. Baada ya neno uliandika nambari ya chumba, kisha tarehe, kisha jina la mgeni, kwa mpangilio huo huo siku zote. Nilijifunza kwa asubuhi moja, na mwenzangu wa kaunta, Sidi, msichana wa Magarini, naye vivyo hivyo.

Ubaya wake, programu ile ilianguka kila mara. Iliwalaza wageni wawili wasiojuana chumba kimoja. Fundi wa kampuni alikuwa haji mpaka abembelezwe, na akija alikuwa anatazama bahari zaidi ya mashine. Basi masika moja Mhasibu alijifungia kwenye ile stoo ya mashuka, amejifunga shali ya mkewe shingoni kwa ajili ya baridi, akatunga programu yake mwenyewe tangu mwanzo. Hakufungua ya kampuni hata kuchungulia. Nilimwona akianza na kioo kitupu. Hoteli ilipofunguliwa, sisi wa kaunta hatukuona tofauti yoyote, ila kwamba mashine haikuanguka tena. Maneno aliyaacha vile vile, FUNGUA, HAMISHA, DAI, FUNGA, na mpangilio ule ule.

"Nisingewafundisha upya," alisema. "Mkono wako umeshazoea mlango ulipo."

Ilikuwa kazi pekee maishani mwake iliyomfanya atabasamu peke yake. Nilikuwa nikimwona amesimama nyuma yetu akitazama herufi za kijani zikitii, na nilijua kwamba anachokitaka ni kitu kimoja tu: kitu hicho kiwe chake, na watu wajue kwamba ni chake.

Kampuni ikasikia. Ikamtuma wakili.

Wakili alikuja asubuhi, mtu mnadhifu mwenye miwani ya dhahabu, akabisha hodi ofisini kwa Mtaliano, akakaribishwa, akakaa. Nami niliitwa nionyeshe mashine inavyofanya kazi. Akatwambia wazi kwamba maneno yasipoondolewa kabla ya msimu, watakwenda mahakamani Mombasa. Mtaliano akageuka akamtazama Mhasibu, na sote tulielewa kwamba hakuna hoteli itakayokwenda mahakamani kwa sababu ya mhasibu. Kazi yake ilikuwa hatarini, pamoja na programu yake.

"Ya ndani siyajali," wakili alisema. "Ya ndani ni yako, andika upendavyo. Lakini maneno haya manne, kwa mpangilio huu, ni jasho la mteja wangu. Alikaa akayachagua. Akayapanga, neno kwanza, kisha chumba, kisha tarehe, kisha jina, hata binti huyu akayajua kwa asubuhi moja. Wewe umekuta watu wameshafundishwa, ukaja kuvuna. Ana hakimiliki ya maneno, na ikibidi tutadai hataza ya mtindo wenyewe."

Sikumpenda, lakini sikuweza kusema kwamba amesema upuuzi. Ni kweli nilifundishwa na kampuni.

Mhasibu aliinyoosha tai yake. Kisha akasema, "Bwana wakili, umefika hapa ukabisha hodi. Uliomba ruhusa kwa nani?"

"Hodi ni ya watu wote."

"Naam. Nyumba ina mwenyewe, na mlango una mwenyewe. Hodi haina mwenyewe. Mimi nimejenga nyumba nyingine, kwa miti yangu na makuti yangu, na mlango nimeuweka mahali watu walipozoea kuusukuma. Wanabisha kama walivyozoea, na anayeitika ndani ni wangu. Nimeiba nini?"

Wakili akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. Mtaliano akaanza kucheka kwa kifua. Nakwambia, moyo wangu ulipiga vigelegele. Nilijua tumeshinda.

Hapo ndipo Mhasibu aliponyanyuka, akatoka nje kwenye baiskeli yake, na kurudi na kibuyu. Povu jeupe lilikuwa likitoka kwenye kizibo cha majani. Akakiweka mbele ya wakili kwa mikono miwili, akapiga goti moja, tai yake ikagusa sakafu.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imekuwa ya kwao, "hii ni kadzama. Nimetumia wito wenu, sikuomba. Leo naomba."

Wakili alikitazama kibuyu, akamtazama yeye.

"Kwa hiyo unakubali ni wetu?"

"Ningeombaje kwa asiye mwenyewe?"

Wakili akavaa miwani, akatoa kalamu, akaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akanigeukia na kuniuliza kama nami nimeyasikia. Niliyasikia. Mtaliano aliacha kucheka. Tembo lilianza kuvutia nzi, na wakili akaomba kwa upole kibuyu kiondolewe. Hakunywa hata tone.

Alipokwisha kuondoka na karatasi yake iliyotiwa saini, kwamba maneno yaondoke, nilimfuata Mhasibu uani. Alikuwa anamimina tembo chini ya mkungu, polepole, kidogo kidogo. Nilikuwa nimekasirika.

"Ulikuwa umeshinda! Mwenyewe nimekuona umeshinda! Ukaja ukajifunga kamba shingoni, kwa nini?"

"Nilishinda kwa mdomo," akasema. "Kushinda kwa mdomo hakumalizi ugomvi, binti, kunauhamisha tu. Kadzama ndiyo humaliza. Akinywa, mimi na yeye ni ndugu, na wito ni wetu sote. Mimi sikukubali wizi. Nilikubali udugu."

"Na hakunywa."

"Hakunywa," akasema, na akatikisa kibuyu kuona kama kimekwisha. "Hilo ndilo baya. Nimeomba, nimesikiwa, na sikupewa. Sasa wito ule unaning'inia."

Akaenda kwao Jilore kwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa na maneno mapya, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyotarajia. Alisema ameleta maneno ambayo hapana wakili chini ya mbingu atakayeyadai. Kumpa mgeni chumba, tuandike DAMA. Kumhamisha, CHENGO. Hesabu, MBODZE. La nne la kufunga siku ndilo lile nisilolitaja.

Nilianza kuandika. Sidi hakuandika. Aliketi mbele ya kioo, mikono mapajani, akakataa kata kata.

"Mwenzangu, haya ni majina ya watu," aliniambia kwa kunong'ona. "Dama ni nyanyake Mhasibu. Dada yangu ameolewa jirani na kwao, namjua. Ana koma yake pale uani."

Mie mtu wa mjini, nikauliza koma ni nini. Akanieleza kwamba ni marehemu wa nyumba, na pia ni ule mti mfupi wanaomsimikia na kumvika kipande cha nguo. Marehemu huyo haitwi ovyo. Anaitwa kwa haja, na akiitwa humwagiwa unga na tembo, aambiwe alichoitiwa, kisha aagwe arudi.

"Sisi tutamwita kutwa nzima," Sidi alisema, "kwa sababu Mjerumani anataka chumba kinachotazama bahari?"

"Na hili la nne?"

Alilitazama kwa muda. "Huyu simjui. Labda ni wa zamani sana."

Mtaliano alimtisha kumfukuza, basi Sidi akaandika. Lakini kila asubuhi alinyunyiza unga kidogo chini ya meza ya kompyuta, mpaka Mtaliano akamsifu kwa kutega sumu ya sisimizi.

Nisingependa kuongeza chumvi. Nitasema nilichokiona. Siku moja niliandika DAMA kwa ajili ya mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, msafiri wa kila mwaka. Siku ya pili yake, mchana, alikuja kaunta akaniuliza kwa nini yule bibi mzee anayefagia mlangoni kwake haitikii salamu. Hotelini hatukuwa na mfagiaji mzee. Tulikuwa na vijana wanaume, na vijana wale walitumia reki za chuma. Nikaenda kuangalia. Mchanga mbele ya chumba chake ulikuwa umefagiwa kwa fagio la chelewa, la njiti za makuti, na kuacha zile alama nyembamba za nusu duara, moja baada ya nyingine, safi, kuanzia kizingitini hadi njiani. Nyayo hazikuwapo, wala za kuja wala za kwenda. Nilisimama hapo juani, nisithubutu kuukanyaga.

Nilikwenda kumwambia Mhasibu. Nilitaka anicheke. Hakucheka.

"Ameitwa, amekuja," alisema. "Ulitaka afanye nini? Alikuwa mtu msafi sana."

"Na atarudi lini?"

Akamwaga tone la chai sakafuni. Safari hii hakunipa habari za kupoza kikombe.

Tukazoea. Binadamu huzoea. Nilizoea ufunguo kuning'inia na kucheza wenyewe ubaoni kila nilipoandika CHENGO, milango yote imefungwa. Nilizoea kuwaambia vijana wasifagie mbele ya mlango wowote nilioufungulia mgeni. Jambo moja sikulizoea. Jua likifika utosini, wakati ambao kwetu hata watoto huitwa ndani wasikutane na wasiowajua, mie nilikuwa naandika lile neno la nne na kubonyeza. Na kila nilipobonyeza, kutoka ofisini kwake mwisho wa ukumbi, Mhasibu alisema, "Naam."

Mara ya kwanza nilidhani kuna aliyemwita. Nikaenda kumwuliza anataka nini. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kalamu mkononi, uso umeelekea ukutani, upande ilipo mashine.

"Sikukuita, Mhasibu."

"Hapana," akasema. "Hukuniita."

Alizidi kukonda. Njugu alisahau kununua. Mkataba wake ulipokwisha hakuomba mwingine; alifunga mkoba wake kwenye baiskeli, akaja kaunta kuaga. Nilimlilia waziwazi, kwa maana nilikuwa nimempenda kama mtu anavyompenda mjomba mkaidi. Akaniambia nisiite kitu nisichokuwa na haja nacho. Kisha akaenda mlango wa ile stoo, akabisha hodi, akasubiri, na safari hii hakuingia.

Mashine iliendelea. Programu yake haikuanguka, na hakuna aliyejua kuibadili. Msimu ukaja ukaenda, ukaja tena. Siku moja, karibu na wakati wa kufunga siku, akaingia mwanamke wa makamo, leso mbili, miguu ina vumbi la njiani. Akaniamkia vizuri, akasema yeye ni mke wa Mhasibu, na amekuja kutuuliza kama hapa hotelini kuna mtu anayemwita mumewe.

"Hakuna, mama. Kwani amesemaje?"

"Jua likiwa vino, utosini, yuasimama," akasema. "Yuaitika, naam, kisha yuaenda zake. Yuafuata barabara ya Malindi, hana viatu, hana habari. Nikimshika, yuaniambia niache, naitwa. Juzi alifika mtoni. Maji yalikuwa yamejaa, na yeye yuaingia tu. Lau si wachunga ng'ombe ningekuwa mjane. Nikimwuliza nani akwitaye, yuasema ni mtu amwita kwa jina la nyumbani, lile alilopewa na nyanyake. Na jina hilo, mwanangu, walijualo wote wamekufa, ila mimi."

"Jina gani, mama?"

Akalitaja.

Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi. Neno lilikuwa tayari limeandikwa kwenye kioo, kijani, likisubiri nibonyeze. Nilisoma nilichokisikia. Nilihisi baridi ya ile stoo ikinipanda miguuni mpaka moyoni.

Siku ile sikufunga. Kesho yake mashine ikakataa kufungua, wageni wakapanga foleni, Mtaliano akapiga kelele, na Sidi akalazimishwa kufunga siku ile mbele yake. Haikuwezekana kuliacha neno, wala kulibadili. Aliyeweza alikuwa mmoja tu. Nikakumbuka alichoniambia masika ile, habari ya aitaye bila kuomba; nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Jilore na gari la alfajiri.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Uani palikuwa na miti mitatu mifupi iliyovikwa vitambaa, na mchanga unaoizunguka ulikuwa umefagiwa kwa chelewa. Nilisimama mbali na mlango.

"Hodi," nikasema, nikasubiri.

"Karibu," sauti yake ikatoka ndani. "Umesubiri. Vizuri."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba kando ya nguzo, amevaa tai. Leso ya mkewe ilikuwa imefungwa kiunoni mwake, na ncha mbili zimeshikwa na mkewe aliyeketi nyuma yake. Saa hiyo ilikuwa inakaribia, akaniambia mama, naye hakutaka kuziachia.

"Shikamoo, Mhasibu."

"Marahaba, binti. Bado ulimi mrefu?"

"Umefupishwa na njia. Kwa nini ulitia jina lako?"

Akafikiri. "Niliishiwa na wafu. Maneno manne, na wafu wa kuaminika walikuwa watatu. Waliobaki walikuwa wagomvi, nisingewapa mlango wa hoteli." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na nilitaka mle ndani pawe na kitu kimoja ambacho akija wa kukidai, anidai mimi mzima mzima."

"Ungetuambia."

"Nilidhani mtu asiyejua anachokiita, hakiiti. Ila mashine ina masikio tu. Niliwaambia mwenyewe."

Nikaweka mkoba chini. "Mie tembo silibebi, Mhasibu, unanijua. Nimeleta dafu."

Alilitazama dafu, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukakunjuka. "Dafu ni mtoto wa mnazi na tembo ni damu yake. Ukoo ni mmoja. Weka."

Nikaliweka mbele yake kwa mikono miwili. Nikapiga goti moja, kama nilivyomwona yeye akipiga mbele ya wakili.

"Nimetumia wito wako, sikuomba. Leo naomba. Mie na Sidi wa kaunta."

"Mwakubali ni wangu?"

"Ni wako. Wito ni wako na nyumba ni yako."

Akamgeukia mkewe. "Umesikia?" Mama akasema amesikia. Akanyanyua dafu, akanywa bila kupumua, maji yakamchuruzika hadi kwenye tai. Akaniachia yaliyobaki chini, nami nikayanywa.

"Basi ni wetu," akasema.

Tukakaa. Vivuli vya ile miti mitatu vikajikusanya hadi vikakaa chini ya miti yenyewe. Kuku wakanyamaza. Nilimwona mama akijiviringishia ncha za leso viganjani, na nilijua kwamba huko Malindi Sidi ameketi mbele ya kioo, anaandika, anabonyeza.

Mhasibu akainua kichwa. Macho yake yalikwenda mbali, magoti yakaanza kutetemeka, na mikono ikashika kiti kama mtu anayetaka kunyanyuka.

"Naam," akasema.

Magoti yakatetemeka, yakatetemeka, yakatulia.

"Naam," akasema tena, kwa sauti yake ya kila siku. "Nimesikia." Akajiegemeza kwenye nguzo, akamwuliza mkewe kama chakula kimeiva.

Mama akaziachia ncha za leso. Alama zake zilikuwa zimeingia kwenye viganja vyote viwili. Tukalia pamoja, mie na yeye, bila kuoneana haya, na mwenyewe akatuuliza amekufa nani.

Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kila adhuhuri, mkewe aliniambia, aliitika akiwa amekaa, akaendelea na shughuli zake. Mashine ile tuliitupa Mtaliano alipouza hoteli. Zilizokuja baadaye zina maneno mengi ya watu nisiowajua, na ninapoyabonyeza huwa najiuliza kama kuna aliyekwenda kuwaomba. Sasa Mhasibu amekwisha kufariki. Uani kwake pana miti minne, na wa nne umevikwa kitambaa cha kahawia.

Ndiyo sababu jina lake silitaji. Ruhusa alitupa sisi wawili wa kaunta. Wewe msomaji hukufika Jilore, wala hukuleta dafu.